Wafo za protini kwa unga wa pankeki: mashine yako haina kosa

Mkuu, umesema umejaribu mara tatu. Umechukua unga wa pankeki wa pakiti, ukapunguza nusu na kuijaza kwa unga wa protini, ukatia maji kama pakiti inavyoelekeza, na kila mara wafo, ile mikate laini ya miraba inayopikwa kati ya mabamba mawili ya moto, zimetoka zinavutika kama mpira au zimechanika katikati, nusu juu nusu chini. Unataka kujua kama ununue mashine nyingine. Usinunue. Nilipita hapohapo ulipo, na sasa ni mwaka wa tatu nazipika karibu kila wiki, kwa hiyo acha nikueleze kwa kirefu.

Mimi hufanya mazoezi ya kunyanyua vyuma alfajiri, na nikirudi mayai hayapiti kooni. Ndiyo maana nilianza. Wafo yangu ya kwanza ilikuwa nusu kwa nusu kama zako. Nilipoinua mfuniko nikasikia sauti ya kitu kinachochanika, bamba la juu likaondoka na nusu yake, la chini likabaki na nusu nyingine, na kati yao utando mweupe unaonata kama gundi. Vile vishimo vya miraba nilivichokonoa kimoja kimoja kwa kijiti cha mbao. Nikaazima mashine ya jirani. Yakawa yaleyale, na hapo ndipo nilipoanza kuangalia kilichomo kwenye bakuli.

Tatizo ni hili: unga wa protini si unga wa kupikia, hata kama vyote vinamwagika sawa kwenye kijiko. Unga wa pankeki kwa sehemu kubwa ni ngano, na ngano imejaa wanga. Wanga hunywa maji na kuvimba, halafu ukipata moto wa kutosha hukauka kwa nje, ndipo unapopata lile ganda linalovunjika ukiling'ata. Unga wa protini wa kawaida, ule unaotokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kuwa jibini, hauna wanga wa kufanya kazi hiyo. Tabia yake inakaribiana na ya ute wa yai. Ikipita nyuzi joto 70 hivi huanza kuganda, hujikaza, na ukizidisha moto hukamua maji yake nje. Fikiria yai lililochemshwa kupita kiasi, lile linalorukaruka ukilibonyeza. Nusu ya wafo yako ilikuwa hivyo.

Kuna na la pili ambalo wengi hawalioni. Unga wa pankeki umepangiwa kikaango, ambako mafuta unayaweka chini na kitu kinabaki laini. Wafo inataka mafuta ndani ya rojo lenyewe. Bila mafuta ya ndani haiachii bamba na haipati ganda. Ukifuata maelekezo ya pankeki kwenye mashine ya wafo utapata pankeki yenye miraba, tena iliyonata.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: unga wa protini usizidi robo ya unga wote mkavu kwa kipimo cha mizani, na protini nyingine yote itoke kwenye mayai na mtindi. Hapo ndipo hesabu inapokubali bila wafo kuharibika.

Kwa wafo nne za ukubwa wa kati, mimi hupima gramu 120 za unga wa pankeki na gramu 30 za unga wa protini. Naongeza kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kuongezea supu uzito, kwa sababu unarudisha ule ukavu wa nje tulioupoteza. Nusu kijiko cha chai cha beking pauda, maana ile iliyomo kwenye pakiti ilipimiwa unga wake tu, haikupimiwa mgeni. Chumvi kidogo. Upande wa majimaji ni mayai mawili, gramu 150 za mtindi mzito uliochujwa usio na sukari, vijiko viwili vya chakula vya mafuta au siagi iliyoyeyushwa, na maziwa kama mililita 100. Maziwa usiyamwage yote. Anza na nusu, kisha ongeza kidogo kidogo. Kama pakiti yako ni ile ya kuongeza maji tu, mayai tia vilevile.

Hesabu ya protini inakwenda hivi. Unga wa pankeki mwingi una takriban gramu 10 kwa kila 100, soma pakiti yako, kwa hiyo hapo ni 12. Unga wa protini unakupa kama 22, mayai mawili 12, mtindi kama 15, maziwa karibu 4. Jumla ni kama 65, yaani gramu 16 kwa kila wafo. Pakiti hiyohiyo kwa yai moja na maziwa ingekupa kama 7 kwa kila wafo. Ukila mbili umepata zaidi ya 30 asubuhi, na bado unakula kitu chenye ladha ya wafo.

Kuchanganya: vikavu peke yake, vya majimaji peke yake, halafu kutanisha. Koroga mpaka usione unga mkavu, kisha acha mkono. Mabonge madogo hayana neno. Ukikoroga sana unaiamsha ile nguvu ya ngano ya kuvutana, na ugumu wa protini tayari unao. Halafu, nakuomba, liache rojo litulie dakika kumi. Unga wa protini hunywa maji polepole. Rojo linaloonekana sawa sasa hivi, baada ya dakika kumi limekuwa zito kama saruji, na hapo ndipo unapoongeza yale maziwa uliyobakiza. Nalitaka lianguke kutoka kwenye kijiko kwa mapande mazito. Likimiminika kama maji, au likigoma kabisa kushuka, bado. Ukiwa na nafasi, tenga ute wa yai, uupige mpaka usimame, uuingize mwishoni kwa mkono mwepesi. Mimi hufanya hivyo siku ambazo sina haraka tu, ila tofauti unaiona kwa macho.

Sasa moto. Washa mashine mapema, na taa ikikuambia tayari, subiri tena dakika tatu au nne, maana mabamba hayajapata moto sawa kila mahali. Pakaza mafuta kidogo kwa brashi. Ile dawa ya kupuliza ya makopo achana nayo, kwa sababu nyingi zina viambato vinavyoganda kwenye bamba lisilonata, na baada ya muda bamba lenyewe ndilo linaloanza kunata. Weka moto wa katikati, usiwe wa juu, kwani protini na sukari ya maziwa hupata rangi haraka. Ukiweka moto mkali nje itakuwa kahawia na ndani bado uji.

Baada ya kufunga, angalia mvuke. Dakika ya kwanza unatoka kwa nguvu pembeni, mweupe, unaweza hata kuusikia. Dakika ya tatu bado upo. Mkono utakuwasha ufungue. Usifungue! Wafo ikiwa bado inatoa mvuke mwingi, katikati yake haijashikana, na ukiinua mfuniko unaichana mwenyewe. Subiri mvuke upungue mpaka uwe kama uzi mwembamba tu. Kwangu ni kati ya dakika tano na sita, mashine yako ina yake. Kisha jaribu kuinua taratibu. Mfuniko ukivuta, rudisha, ngoja nusu dakika. Iliyoiva huachia yenyewe. Tangu nianze kusikiliza mvuke badala ya taa, sijachana wafo hata moja.

Ukiitoa, iweke kwenye wavu wa waya, usiiweke kwenye sahani wala juu ya mwenzake. Kwenye sahani mvuke wa chini hauna pa kutokea, unarudi ndani, na ganda ulilolipigania linalainika ndani ya dakika mbili.

Kuhusu aina ya unga wa protini: ulio na kaseini, yaani ile protini ya maziwa inayoganda kuwa jibini, unanyonya maji zaidi lakini wafo inabaki na unyevu, mimi naupenda kuliko wa kawaida. Wa njegere unafaa kwa asiyetumia maziwa, ila ongeza vijiko viwili vitatu vya maji na ukubali chembechembe kidogo kama mchanga mdomoni. Wenye ladha ya vanila ni mtamu tayari, kwa hiyo sukari usiongeze. Na kama ndani ya nyumba kuna mtu mwenye maradhi ya figo, asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Mimi hupika kumi na mbili mwisho wa wiki. Mama yangu, ambaye nyama sasa inamshinda kutafuna, hula moja kila asubuhi akiichovya kwenye chai, na kwa ajili yake naitoa dakika moja mapema ibaki laini. Zilizobaki naziacha zipoe kabisa, nazipanga kwenye sinia zisigusane, naziweka friza saa moja, halafu ndipo nazitia kwenye mfuko. Ukizitia zote pamoja zikiwa na joto zitashikana kuwa tofali. Asubuhi inatoka friza moja kwa moja kwenda kwenye tosta bila kuyeyushwa, mara mbili kwa moto mdogo. Maikrowevu usiiguse, itakurudishia ule mpira. Jaribu hii ya robo, kisha uniambie rojo lako lilikuwaje baada ya zile dakika kumi.