Kwa nini "I enjoy to read" ni kosa

Ku- yetu inafanya kazi mbili. Katika "napenda kusoma", neno kusoma ni kitenzi. Ukisema "kusoma kwake kunapendeza", limekuwa jina. Kiingereza kimezigawa kazi hizo: to read huku, reading kule, na kitenzi kinachotangulia ndicho kinachoamua uchukue ipi. Mwanafunzi anayehamisha ku- yake moja kwa moja hufika kwenye to kila mara, na ndipo "nafurahia kusoma" inapogeuka "I enjoy to read".

Anza na vitenzi visivyokubali to kabisa: enjoy, dislike, mind, na feel like. Hivi huchukua -ing tu: "She enjoys cooking", "I dislike waiting". Usikariri kwamba enjoy ni kufurahia ukaishia hapo. Kariri "enjoy doing", kitenzi na mkia wake, kama neno moja.

Like, love, hate na prefer hukubali vyote viwili, na mara nyingi maana haibadiliki. Hata hivyo, Waingereza huelekea kutumia -ing kwa burudani, "I like swimming", na to kwa jambo unaloliona la busara hata kama halina utamu: "I like to check the tyres before a long journey".

Would ikiingia, hesabu inabadilika. Pale ambapo Kiswahili kingeweka -nge-, yaani "ningependa kuogelea sasa", andika "I'd like to swim now". Lakini mind haitikisiki: "Would you mind opening the window?" Na jibu lake huwachanganya wengi sana. Swali linauliza kama utaona vibaya, kwa hiyo anayekubali kufungua dirisha hujibu "No, not at all". Ukijibu "Yes", umekataa.

Prefer ina mtego wake. Wengi huandika "I prefer walking than driving". Sahihi ni "I prefer walking to driving", na to hiyo ni kihusishi tu, ndiyo maana inafuatwa na -ing, sawasawa na "I look forward to seeing you". Than ni ya would rather, ambayo haitaki to wala -ing: "I'd rather walk than drive".

Kuna makosa mawili yanayotoka moja kwa moja kinywani mwetu. La kwanza ni sana. Sisi husema "napenda sana kucheza", halafu tunaandika "I like very much dancing". Kiingereza hakipendi kutenganisha kitenzi na kinachopendwa: peleka very much mwisho, "I like dancing very much", au weka really mbele, "I really like dancing". La pili ni -na- ya "ninapenda", inayotuvuta kuandika "I am liking reading". Kupenda ni hali, si tendo linaloendelea mbele ya macho. "I like reading" inatosha.

Tahajia nayo iangaliwe. Write hupoteza e ikawa writing, lakini see hubaki nazo zote, seeing. Swim na run huongeza konsonanti ya mwisho, swimming na running. Play haiongezi kitu. Lie huwa lying.

Ukitaka kukanusha tendo lenyewe, kama tunavyofanya kwa kuto-, weka not kabla ya -ing: "kutofanya kazi Jumapili" ni "not working on Sundays", hivyo "I enjoy not working on Sundays".