Bodi za jipsamu ghalani: tunavyozipanga hapa Malindi

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba umefungua duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi, kwamba bodi zako za jipsamu umezisimamisha ukutani ili upate nafasi ya saruji na mabati, na kwamba kila unapofika kwenye bodi za nyuma unakuta pembe zimemomonyoka na nyingine zimepinda kama tanga lililoshika upepo. Umeuliza iwapo ununue rafu za chuma au ukodi ghala la pili. Mimi ni mtunza ghala katika mji huu kwa mwaka wa 11 sasa, na jibu langu ni kwamba usinunue wala usikodi chochote kwanza, kwa kuwa hasara yako haitokani na ufinyu wa nafasi, bali na wingi wa mara ambazo kila bodi inaguswa kabla haijafika kwa mteja.

Jaribu kuhesabu. Bodi inashushwa kutoka kwenye lori na kuegemezwa nje, inaingizwa ndani na kuegemezwa tena, inasogezwa mtu anapotaka kufikia mabati yaliyo nyuma yake, inarudishwa, inafunuliwa mteja anapotaka kuona unene, kisha ndipo inapotolewa. Nilipohesabu kwetu kwa mara ya kwanza nilipata mara saba. Lengo letu siku hizi ni mara mbili tu, inaposhuka kwenye lori na inapopanda gari la mteja, na yote nitakayoyaeleza hapa chini yanatokana na lengo hilo.

Bodi ya kawaida ya mita 1.2 kwa 2.4, yenye unene wa milimita 12, ina uzito wa kilo 25 hivi, na ile ya milimita 9 hukaribia kilo 20. Ndani yake ni jipsamu iliyogandishwa kati ya karatasi mbili, na ni hizo karatasi zinazoipa nguvu ya kutovunjika inapopindwa. Angalia pia kingo zake: zile ndefu zimefunikwa kwa karatasi tangu kiwandani, lakini ncha mbili fupi zimekatwa na jipsamu inaonekana wazi. Kwa hiyo anayeisimamisha bodi kwa ncha yake fupi juu ya saruji anaiegemeza kwenye sehemu yake dhaifu kuliko zote, na pembe huanza kumomonyoka siku ile ile.

Kusimamisha ukutani kuna ubaya mwingine mkubwa kuliko hasara. Mwaka wangu wa pili kazini niliruhusu bodi 30 zisimamishwe ukutani kwa sababu lori lilifika jioni na mahamali walikuwa wamechoka. Asubuhi yake hamali mmoja alizivuta zile za mbele kidogo ili achomoe ya tano, na rundo zima likapita wima na kumwangukia. Kilo 750 si mzigo wa kuzuia kwa mikono. Aliruka kando, na mkokoteni uliokuwa nyuma yake ukavunjika mpini. Hakusema neno, alikwenda kuketi juu ya mifuko ya saruji akaitazama ile mikono yake. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo hakuna bodi inayosimama ghalani kwetu isipokuwa ile iliyo mikononi mwa watu.

Bodi zilazwe, basi, lakini zilazwe juu ya nini? Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea vilevile. Mwanzoni nilitumia mazio ya mikoko, yaani miti ya mkoko ya kujengea, kwa kuwa yalikuwapo uani na hayakuwa na gharama. Mti wa mkoko ni mgumu na mchwa hauupendi, ila ni wa mviringo, na hakuna miwili inayolingana unene. Bodi za chini zilikaa juu ya miti miwili na kuelea juu ya mitatu, zikabonyea taratibu kwa uzito wa zile za juu, na baada ya wiki chache rundo zima lilikuwa limechukua umbo hilo. Bodi iliyopinda hivyo haitanyooka kwa sababu umeigeuza. Fundi ataifunga darini kwa skrubu, na skrubu zitatoboa karatasi.

Sasa tunatumia mbao za inchi 4 kwa 4 zilizopasuliwa kwa msumeno, zenye urefu wa mita 1.2, yaani sawa na upana wa bodi. Kila rundo lina mbao tano: ya kwanza na ya mwisho ziko sentimita 5 kutoka kwenye ncha, na tatu zilizobaki zimegawanywa sawa katikati, kila moja sentimita 57 hivi kutoka kwa jirani yake. Kabla ya kuweka bodi ya kwanza ninavuta uzi wa fundi juu ya mbao zote tano na kupenyeza vipande vya plaiwudi palipo na upungufu, kwa kuwa sakafu ya ghala letu, kama nyingi za hapa, ina mabonde. Kazi hiyo huchukua dakika 20 na hufanywa mara moja. Ukitaka kupandisha rundo juu ya rundo, mbao za juu zikae wima kabisa juu ya zile za chini; zikienda kando hata kwa kiganja kimoja, uzito utashukia mahali pasipo na tegemeo. Mimi huishia bodi 60 za milimita 12 kwa rundo, ambazo ni sentimita 72 za kimo na tani moja na nusu. Zaidi ya hapo mahamali wawili wa kimo cha kawaida hawawezi kuiteremsha bodi ya juu bila kuipinda, na sisi hatuna foklifti. Mwenye nayo anaweza kwenda juu zaidi, mradi apanue uma zake kadiri zinavyoweza na awe na hakika ya sakafu yake.

Tukija kwenye unyevu, Malindi si Nairobi. Saruji iliyomwagwa chini hupandisha maji kutoka ardhini, na kuta za mawe ya matumbawe hutoa chumvi na unyevu mwaka mzima, kwa hiyo acha nusu mita kati ya rundo na ukuta. Nafasi hiyo hiyo itakusaidia kuona njia za mchwa, ambao hula karatasi ya jipsamu kwa furaha. Upepo wa kusi unapoanza, na hasa mvua za Mei, mlango unaoelekea baharini hufungwa mapema alasiri. Ile nailoni ambayo bodi huja nayo ni ya safarini tu. Ivue zikifika, kwa kuwa usiku ukipoa hewa iliyofungiwa ndani hutoa jasho, na jasho hilo huzaa ukungu mweusi kwenye kingo. Badala yake mimi hulaza bodi moja mbovu juu ya rundo iwe kifuniko cha vumbi na cha kinyesi cha popo. Bodi za kijani nazo zisikudanganye: zinastahimili unyevu kuliko nyeupe, lakini hazikutengenezwa kulowana.

Wakati wa kaskazi tatizo ni joto. Jipsamu ina maji yaliyofungamana nayo, takriban asilimia 21 ya uzito wake, na ndiyo sababu huchelewesha moto. Ikikaa muda mrefu katika joto la nyuzi 50 na zaidi huanza kuyapoteza na kulegea. Usipandishe rundo hadi karibu na bati lisilo na dari.

Kuhusu kubeba, watu wawili wasimame upande mmoja wa bodi, waiinue ikiwa wima juu ya ukingo wake mrefu, na waende kwa hatua moja. Bodi isibebwe ikiwa imelala kama jeneza, kwa sababu hukatika katikati kwa uzito wake yenyewe. Wakati wa kuitoa kwenye rundo waiinue kwanza kwa ukingo mrefu ndipo waiondoe. Kuiburuta hukwaruza uso wa ile iliyo chini, na mkwaruzo huo huonekana baada ya rangi.

Mpangilio wenyewe si mgumu. Bodi zinazouzwa sana, ambazo kwetu ni za milimita 9 za dari, ziwe karibu na mlango wa kupakilia, kila unene na rundo lake, na njia katikati iwe na upana wa mita 3 ili bodi igeuzwe bila kugonga nguzo. Shehena mpya isilazwe juu ya iliyobaki, la sivyo zile za chini zitazeeka hapo. Sisi tuna marundo mawili ya kila aina: moja linauzwa, jingine linasubiri. Mteja wa kutazama ana kipande cha sampuli kaunta, na hilo peke yake liliondoa mguso mmoja kati ya ile saba.

Umegusia pia kwamba una mteja Lamu. Njia ya hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia kisiwani Lamu, ni zaidi ya kilomita 200, kisha kuna chombo, kisha punda au mabega, na huko huwezi kuzuia bodi isiguswe mara nyingi. Sisi hufunga bodi kumikumi na kuweka vipande vya mbao chini ya kamba ili isikate kingo, na ndani ya mashua tunazilaza juu ya mbao, mbali na maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya chombo, huku turubai likiwa juu. Mpigie nahodha simu kabla lori halijaondoka Malindi, ujue maji yatajaa saa ngapi, ili bodi zisilale gatini usiku kucha.