Mwanangu, mnyama niliyemwokoa simjui

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara mbili, halafu nikaweka simu kando nikaenda kumwagilia mchicha. Unasema mjukuu wangu amepewa kazi shuleni aandike juu ya kazi ya bibi yake. Sawa, lakini nakujua, swali lile ni la kwako: "Mama, miaka 31 porini. Hebu nitajie mnyama mmoja tu uliyemwokoa." Nimeamua kukuandikia, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza na mimi ningeanza kujitetea.

Simjui, mwanangu. Hakuna mbega, tembo wala minde (yule paa wa msituni) aliye hai leo ambaye nikimwona nitasema huyu nilimwokoa mimi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu.

Naona sikuwahi kukueleza vizuri. Nilikuwa narudi Morogoro nimechoka, bibi yako ananitoa kupe mgongoni, wewe unapekua begi kutafuta zawadi. Basi leo nakueleza.

Chukua msitu wa Mwanihana, kule Udzungwa, ule unaotazama mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero. Saa moja asubuhi tunaingia watu wawili. Njia ya kuhesabia ina urefu wa kilomita 4, na kila baada ya mita 50 kuna kibati chenye namba kimegongomewa mtini. Mwendo ni kilomita moja kwa saa, yaani unatembea kama mtu aliyedondosha sindano. Hakuna maongezi. Matawi yakitikisika unasimama, unatazama saa, unatoa darubini. Mbega mwekundu wa pale unamjua kwa kofia ya nywele za rangi ya kutu kichwani. Mbega mweusi kwa mabega yake meupe. Unaandika saa, namba ya kibati, aina ya mnyama, umbali. Dakika 10 zikiisha unaondoka, hata kama ndiyo kwanza mama mwenye kitoto anashuka umwone vizuri. Ukizidisha muda kwa sababu leo wamekufurahisha, hesabu ya leo haitalingana na ya mwezi ujao, na hapo umeharibu yote. Siafu wakipanda suruali unavumilia mpaka kibati kinachofuata. (Hili nilifundishwa na mzee mmoja wa Sanje, na hadi leo sielewi alikuwa anatania au la.)

Sasa, ng'ambo ya kusini-magharibi ya milima hiyohiyo kuna msitu wa Uzungwa Scarp. Wakati ule ulikuwa msitu wa akiba tu, askari unawahesabu kwa vidole. Tukaenda na utaratibu uleule. Tulitembea tangu asubuhi mpaka saa saba mchana. Tulikuta nyaya za mitego, majivu ya mahali walipobanikia nyama, na ganda moja la risasi. Mbega, hakuna. Kijana niliyekuwa naye akaninong'oneza: "Mama, tuandike hata wawili? Nilisikia kitu kama mbega kule bondeni." Alinionea huruma, na nadhani aliogopa tukirudi mikono mitupu posho itapungua. Nikamwambia aandike sifuri. Aliiandika ndogo sana, ikabidi nimwambie aikuze isije ikadhaniwa ni nukta.

Kesho yake sifuri tena.

Unaona, mvua ya misitu ile miwili haipishani sana, na mbega ni walewale. Mwanihana, ndani ya hifadhi ya taifa tangu 1992, idadi yao ilisimama vizuri. Kule kwingine iliporomoka mwaka hadi mwaka. Watafiti mbalimbali walipozipanga hesabu hizo pamoja, hakuna aliyeweza tena kusingizia ugonjwa au ukame: ni bunduki na panga. Msitu ule baadaye ulipandishwa hadhi ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Je, ni sifuri zangu zilizofanya hivyo? Sijui. Zilikuwa za watu wengi.

Nikupe mfano mkubwa zaidi, maana najua mbega hawakusisimui. Nyumbu wa Serengeti mwaka 1961 walikuwa kama 250,000. Kufika 1977 walikuwa takriban 1,300,000. Nani aliwaokoa? Watu wengi wangekutajia askari wenye bunduki au wazungu wenye ndege. Jibu ni mabwana mifugo. Sotoka ilikuwa inaua ndama wa nyumbu na nyati kila mwaka, na ilikuwa inatoka kwa ng'ombe. Ng'ombe walipochanjwa vya kutosha kuzunguka hifadhi, wanyamapori nao wakapona, na hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Ila jambo hilo halikujulikana hivihivi. Mtafiti Anthony Sinclair, aliyefika Serengeti mwaka 1965 na baadaye akasoma habari za nyati, alieleza vipimo vya damu yao vilivyoonyesha nini: waliozaliwa kabla ya 1963 walikuwa na alama ya kinga ya sotoka, waliozaliwa baadaye hawakuwa nayo. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kwao, na wanyama wakaendelea kuongezeka kwa zaidi ya miaka kumi. Mtu aliyehesabu mwaka mmoja tu akaenda zake hakuona kitu.

Na tembo wa Selous unawakumbuka. Miaka ya sabini walizidi 100,000. Sensa ya 2013 katika Selous na Mikumi ikatoa 13,084. Kila mtu aliyefanya kazi kule alikuwa anajua mambo ni mabaya, tulikuwa tunayasema kwenye chai. Lakini maneno ya kwenye chai yanakanushwa. Namba ile ilipotoka, ubishi uliisha.

Nisikufiche mabaya. Mradi mmoja nilioufanyia kazi miaka minne, fedha zilikatika katikati ya mwezi na hakuna aliyetuaga. Madaftari yetu yalichukuliwa, na makala ilipochapishwa jina langu lilikuwa mwishoni kabisa, kwenye mstari wa shukrani, tena limekosewa herufi. Nilikasirika mwaka mzima. Halafu yapo ya akina mama wa Mang'ula na Sanje, vijiji vya pembeni mwa hifadhi ya Udzungwa. Walikuwa wakiruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni zilizoanguka, na mwaka 2011 ruhusa ikafutwa. Mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza, "Hao nyani wako wanapika nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Hesabu zetu zilionyesha msitu unahitaji kupumzika. Hazikuonyesha yeye apikie nini. Mpaka leo nikipita njia ile natazama chini.

Na tulikuwa na kiburi, sisi wasomi. Kule Rungwe, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima mwenye haya anayeitwa kipunji. Mnyama huyo alikuja "kugunduliwa" mwaka 2003, akatangazwa kwa dunia 2005, na hatimaye akapewa jenasi yake peke yake. Watu waliokuwa na jina lake tayari! Tangu hapo, nikifika kijiji kigeni sifungui begi kabla sijakaa na wazee.

Nimeandika mengi kukwepa moja. Mwaka wa mvua za El Niño uliugua malaria kali, barabara ikakatika, na mimi habari zilinifikia siku ya tisa, kwa karatasi aliyoileta dereva wa lori la miwa. Nilipofika ulikuwa umeshapona, unacheza kombolela, na hukunikimbilia. Ulinitazama kidogo ukaendelea kujificha nyuma ya tangi la maji. Siku zile tisa nilikuwa kwenye kibati namba 1 hadi 80, asubuhi baada ya asubuhi. Daftari lake ninalo. Mbega wekundu makundi 23, weusi 14. Bibi yako hakuwahi kunilaumu, na wewe hukuwahi, labda ndiyo maana swali lako la Jumapili lilinichoma. Ungekuwa na haki ya kutegemea kwamba angalau kuna mnyama mmoja mwenye jina aliyepata kile ulichokosa. Hayupo, mwanangu. Nisamehe kwa zile siku tisa. Kazi yenyewe siwezi kuiombea msamaha, ningekudanganya.

Mjukuu wangu mwambie aandike kwamba bibi yake alikuwa anahesabu mbega. Mwalimu akisema haitoshi, anipigie, jioni huwa nipo.

Desemba mkija, niletee betri za AA nane, zile za kudumu, za hapa sokoni zinakufa baada ya siku tatu. Kamera yangu ya zamani nimeifunga kwenye mwembe nyuma ya jiko, usawa wa goti. Mpaka jana imempiga picha paka wa jirani mara 41 na kanu mara 1, saa nane na dakika kumi usiku, amebeba kifaranga wangu.

Mama yako