Modeli ya ugonjwa kwa utafiti wa uvumi

Umeuliza kama modeli (mfano wa kihisabati) ya kuenea kwa ugonjwa inafaa kuchunguza uvumi. Kwa kuanzia, ndiyo. Mwaka 1927 watafiti Kermack na McKendrick waligawa watu makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliopona au kufa. Kwako kundi la tatu ni walioacha kuusimulia uvumi, na hapo ndipo penye kazi. Mgonjwa hupona hata akiwa peke yake. Msimuliaji huacha akikuta kila mtu ameshausikia. Basi kasi ya kuacha itegemee idadi ya waliosikia, kama walivyofanya wanahisabati Daley na Kendall mwaka 1964. Hesabu zisikutishe, lahajedwali (kama Excel) inatosha. Ila amua mapema nani “amesikia”: aliyeona kichwa cha habari tu, au aliyeamini?