Usilipe hiyo advansi ya lenzi, kodi maiki kwanza

Mdogo wangu, kama hujalipa, usilipe. Umeandika kwamba mnashuti filamu fupi ya kumalizia chuo mwezi wa nane, kule Dodoma karibu na bwawa la Hombolo, bajeti yenu laki nne. Unauliza kamera gani na wasanii mtawapata wapi. Halafu katikati umetupia kwamba laki tatu zinakwenda kwenye kamera na lenzi kwa kuwa "sauti tutaisafisha kwenye kuediti". Hapo ndipo damu iliponichemka. Maneno hayo hayo niliambiwa na mimi, tena na mtu aliyeletwa darasani kutufundisha, akalipwa.

Hadithi yetu ilikuwa ya bibi wa Kigogo anayekataa kuuza shamba lake, baada ya serikali kuhamia Dodoma na viwanja kuanza kugombaniwa. Hatukutafuta msanii. Tulimpata bibi aliyepitia jambo lenyewe, akakubali. Tukamkalisha chini ya mbuyu, kamera ikasimama mbali ili mbuyu wote uingie, sauti ikawa inaingia kwenye maiki ya kamera kama tulivyoelekezwa. Skripti hakuihitaji. Akaeleza mumewe alikozikwa, mtama ulikuwa unaishia wapi, ng'ombe walikuwa wanapita wapi. Akafika mahali akanyamaza. Akaokota donge la udongo, akalivunja taratibu kwa kidole gumba, akasema sentensi moja tu. Tuliokuwa pale wote tuliisikia. Mpiga kamera alikuwa analia huku anashuti.

Tulipofungua faili kwenye kompyuta, picha ilikuwa safi, hata vumbi la lile donge lilionekana likidondoka. Tukafika kwenye sentensi. Mawimbi ya sauti yamejaa juu hadi chini, yamekatwa bapa. Mngurumo mtupu, na kwa mbali kitu kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

Nielewe kwa nini haisafishiki. Upepo haukai nyuma ya sauti ukangoja uuondoe. Unakipiga kiwambo cha maiki chenyewe, unakisukuma kupita uwezo wake, na kikishafika mwisho, sauti ya mtu hairekodiwi tena. Programu itakupunguzia mngurumo ukikata sauti nzito za chini ya hezi 100 hivi, lakini haiwezi kurudisha kitu ambacho hakikuingia. Na kamera ikikaa mbali unajiumiza mara ya pili: hapo nje kwenye uwazi, kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti ya msemaji inashuka desibeli 6, wakati upepo uko pale pale unaipiga maiki. Ukiacha sauti kwenye otomatiki ndiyo balaa, msemaji akinyamaza kamera inapandisha yenyewe, inazoa bodaboda na mashine ya kusaga ya kijiji cha pili.

Tukarudi kwa yule yule mtaalamu. Akasema ingizeni sauti upya. Tukamleta bibi wa watu chumbani, mablanketi madirishani, tukamchezea picha yake tukamwomba aseme tena. Akaitazama kimya, akatuambia, "Wajukuu zangu, si nilishasema?" Akajitahidi, akasema maneno mengine, kwa upole, kama mtu anayewasaidia watoto kazi ya shule. Midomo haikulingana, na hata ingelingana, haikuwa ile. Tuliikata sehemu yote. Filamu ilipita, alama tulipata, lakini sentensi ya yule bibi haipo popote duniani. Na yule bwana nilipomuuliza, alinijibu kwamba tungemwambia mapema kama tunashuti nje. Mtu anafundisha filamu Dodoma, kiangazi kizima upepo unang'oa mabati, halafu anataka aambiwe kwamba nje kuna upepo! Jina lake silitaji, ila hasira yake bado ninayo.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya bajeti yako ni ya sauti. Kodi maiki ndogo ya kubana shatini yenye manyoya ya kuzuia upepo, au ile ya kwenye fimbo nayo ivalishwe manyoya, pamoja na rekoda. Kisha mteue mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuvaa hedifoni na kusikiliza, basi. Asishike taa, asitumwe maji. Akisema "turudie", mnarudia, hata dairekta awe amependa teki (kipande mlichoshuti mara hiyo) namna gani. Sauti kubwa ya msemaji icheze karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha rekoda, rekoda yenyewe iwekwe kwenye kilohezi 48, na kofi lipigwe mbele ya kamera kila teki ili baadaye mlinganishe sauti na picha. Kabla ya kuhama lokesheni nyamazeni wote nusu dakika mrekodi utulivu wa pale, utauhitaji kuziba mapengo. Na maongezi yote yashutiwe asubuhi na mapema, upepo haujaamka. Mchana pigeni picha zisizo na maneno: mibuyu, barabara, mikono.

Kamera? Simu nzuri inatosha. Mkiwa ndani kwenye taa za umeme wekeni shata (muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila picha) 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50, taa zitatulia. Lenzi hiyo unayoililia haitamfanya mtu asikike.

Kabla hujampa huyo mwenye kamera hata senti, panda daladala uende Hombolo. Simama pale pale mtakaposhuti, mwenzio asimame hatua tano mbele yako aongee kawaida, umrekodi kwa simu dakika moja saa moja asubuhi na nyingine saa nane mchana. Usikilize zote mbili kwa hedifoni, siyo kwa spika ya simu. Uziweke hapa, nitazisikiliza na mimi siku hiyo hiyo.