Mkuu, usibonyeze Enter kwanza

Toa mkono kwenye kibodi. Umeandika kwamba una picha 900 za harusi, kamera mbili, wachapaji wa albamu wanataka zote ziwe na profaili ya sRGB (lebo ndani ya faili inayosema nambari za rangi zisomwe vipi), na kuna mtu kakupa amri ya mstari mmoja ya kumaliza folda nzima. Hiyo amri naijua. Imenila laki sita na nusu.

Harusi ilikuwa hapa hapa Dodoma, ukumbi wa Kisasa. Kamera yangu ilikuwa sRGB. Kijana niliyemkodi, ya kwake kaiweka Adobe RGB, mpangilio mwingine wa rangi; hakusema, nami sikuuliza. "Mtaalamu" mmoja wa grupu la Telegram akaniambia: piga mogrify -profile sRGB.icc *.JPG (mogrify ni amri ya programu ya picha iitwayo ImageMagick), dakika kumi umemaliza. Na kweli, dakika kumi nikawa nimejimaliza.

Alichonificha (au hakukijua, Mungu ndiye ajuaye) ni kwamba kwa amri hiyo hiyo ImageMagick inafanya kazi mbili tofauti. Picha yenye profaili ndani, inazibadilisha nambari za rangi ziende sRGB. Isiyo nayo, inabandikwa jina la sRGB tu, nambari zinabaki zilivyokuwa. Na kamera nyingi zikipiga kwa Adobe RGB haziweki profaili ndani ya JPEG, zinaacha alama kwenye EXIF, yale maelezo kamera inayoandika ndani ya faili, basi. Kwa hiyo picha za kijana zikabatizwa sRGB huku damu yake ni Adobe RGB. Chukua chupa ya mvinyo mkali wa zabibu zetu, bandika lebo ya mvinyo mtamu, halafu onja.

Kwenye laptop sikuona kitu, kioo changu ni cha kuangalizia mpira. Albamu ikaja. Ukurasa wa kushoto, shangazi wa bibi harusi na kitenge chekundu kama nyanya. Wa kulia, shangazi yule yule, kitenge kile kile, rangi ya tofali lililonyeshewa, na sura zote nyuma yake zimepauka kama watu waliotoka kuumwa. Mama mzazi akautazama ukurasa, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hawa walibadilisha nguo?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwa kiwewe nikarudi nikabandika Adobe RGB folda nzima. Sasa za kijana zikawa sawa, zangu ndiyo maharusi wakaonekana wamepakwa mawese. Nakala za mwanzo? Hakuna. mogrify inaandika juu ya faili lile lile na kulibana upya, na kadi nilishazifomati, Jumapili nilikuwa na kipaimara. Nilipomrudia mtaalamu wangu akaniambia "tatizo ni kioo chako", kisha akanibloku. Kioo!

Kwa hiyo: usibandike profaili kabla hujajua nambari zilizomo ni za nani. Anza na majina ya faili. Likianza na kistari cha chini, _DSC au _MG_, hiyo ni Adobe RGB, ndivyo kamera zinavyojitambulisha. Kama umeshazipa majina mapya, uliza EXIF kwa programu ya ExifTool:

exiftool -T -FileName -InteropIndex -ProfileDescription .

R98 ni sRGB, R03 ni Adobe RGB. Hizo za R03 zisizo na profaili ndizo unazobandika kwanza, na bandiko lake ni Adobe RGB, SIYO sRGB:

exiftool "-icc_profile<=AdobeRGB1998.icc" _*.JPG

ExifTool haigusi picha yenyewe, na inakuachia faili la zamani lenye mkia wa _original. Usilifute hata diski ikilia. Baada ya hapo ndiyo mogrify ile ile, ila uiongezee -path na folda mpya uliyoitengeneza, isikanyage za mwanzo.

Uliuliza na TIFF, ile aina nyingine ya faili la picha, na sijui saizi gani ya albamu. Hayo watakujibu wengine. Wewe nenda kahesabu zenye kistari, uje uniambie ziko ngapi.