Kuhamisha tangi la matumbawe: maji mwaga, mawe beba

SWALI: Habari za kazi ndugu. Mi nina tangi la maji chumvi la lita 600, matumbawe yameshashika vizuri na samaki wanane wamo, sasa nahamishwa kikazi na safari ni kama masaa 14 kwa gari. Kinachoninyima usingizi ni maji, lita zote hizo nitazibebaje? Jamaa wananambia nikibadili maji yote kila kitu kinakufa. Na mchanga je?
Mhamaji

JIBU: Ndugu Mhamaji, hao jamaa wamekutisha bure. Bakteria wanaomaliza amonia (sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki na vitu vinavyooza) wengi wao hawako kwenye maji, wamejishikiza kwenye mawe, kwahiyo ukifikisha mawe yakiwa hai umefikisha tangi. Beba maji ya kufunika mawe, matumbawe na samaki basi, mengine mwaga. Mapya yachanganywe kule unakoenda siku moja kabla, kama una mtu wa kukusaidia, gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, joto nyuzi 25 hivi, na pampu iwe inazungusha muda wote.

Mchanga ndo ungepaswa kukunyima usingizi. Kule chini kabisa hamna oksijeni, kumelala uchafu wa miaka na pengine ile gesi inayonuka yai viza, ukiutibua na kuurudisha hivohivo unaua samaki waliovumilia safari nzima. Weka mpya, au osha wa zamani mpaka maji yatoke meupe kabisa.

Mawe yaweke kwenye majaba yakiwa yamezama, maana masaa 14 ni mengi, yakikauka sponji (viumbe hai vya baharini) na vidudu vya ndani vinakufa, vinaoza, na hapo amonia inaanza upya. Matumbawe kila moja na chombo chake yasigusane, yanachomana hayo. Kama una anemoni, yule mnyama laini wa baharini anayejishika kwenye mawe kwa mguu wake, usiivute kwa nguvu, mguu ukichanika ndo basi tena.

Samaki usiwalishe siku mbili za mwisho (hawafi, usiwaonee huruma) ili wasichafue maji njiani. Kila mmoja na mfuko wake, maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili, kwenye boksi la kuhifadhi joto, gizani. Sasa hapa wengi wanaharibu: wakifika wanafungua mfuko halafu wanadondoshea maji ya tangi kidogokidogo lisaa zima. Safari ndefu namna hiyo samaki ametoa kabonidayoksaidi ndani ya mfuko, pH (kipimo cha asidi, ikishuka maji yana asidi zaidi) imeshuka, na pH ikiwa chini amonia inakuwa haina makali. Ukifungua tu ile gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu samaki akiwa bado anaogelea humo. Wewe acha mfuko uelee kwenye tangi ukiwa umefungwa dakika 20 joto lilingane, fungua, toa samaki kwa wavu, maji ya mfuko mwaga. Ila hiyo inataka chumvi ya pande zote iwe sawa, kwahiyo kabla hujaondoka pima chumvi ya maji unayowafungia, na yale mapya yafanye yafanane nayo.

Kioo kisafiri kitupu kabisa, hata mchanga usibaki, silikoni, ile gundi inayounganisha vioo, haipendi kubebeshwa mzigo ikiwa inatikiswa. Stendi uiweke kwa pima maji, kumbuka itabeba zaidi ya kilo 600. Wiki ya kwanza punguza taa na chakula, pima amonia kila siku, na uwe na maji ya chumvi ya akiba pembeni.

SWALI: Njiani nahitaji jenereta au pampu za betri zinatosha?
Mhamaji tena

JIBU: Pampu ndogo za hewa za betri zinatosha kabisa, moja kila jaba, na betri za ziada. Joto ndo la kuangalia, kama kuna baridi funika majaba kwa mablanketi, kama kuna jua kali safiri usiku.